Msiba wa Wanza Sebuleni kwa Jirani

Beryl, acha sufuria iungue, usome haya. Mamangu ameingia nyumba ya watu!

Si unajua fleti zetu za Shimanzi zilikuwa godauni la kahawa, na mama alichambua buni humu miaka kumi na minane? Basi leo kakuta mlango wa Kioko, jirani wa chini, uko wazi. Kavua viatu, kapita, kaketi sakafuni kando ya dirisha, nyuma ya kochi. Nyuma ya kochi, Beryl!

Kioko: "Mama, umepotea nyumba?"

Mama: "Wewe ndiye uliyenikuta hapa."

Nikashuka mbio huku nacheka, nimvute mkono. Akanizuia: "Usikanyage hapo. Hapo ni pa Wanza."

Wanza, yule mwenzake aliyekuwa akichambua ubavuni mwake. Siku ya kuzikwa kwake meli ilikuwa yangoja mzigo, hakuna aliyepewa ruhusa. Mama alichambua mpaka jioni bila chozi.

"Leo nimekuja kumlilia," akasema. Na akalia, Beryl. Kicheko kilinikaukia mdomoni.

Kioko akazima runinga, akavua viatu, akauliza kama aweke chai.

"Weka, mwanangu," mama akamwambia. "Wafiwa tumekuwa watatu."