Udi wa Dada Mwanakombo Kwenye Udongo wa Kaskazini

Malton, kando ya Toronto

Dada yangu Mwanakombo,

Shikamoo. Ipokee kabla hujavaa miwani, maana ukishaivaa utaanza kunitafutia makosa. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia imekufikia, au shemeji ameimalizia kwenye mgongo wake? Na presha je? Mimi mzima, Mungu anasaidia. Vidole ndivyo vinauma kidogo kwa baridi ya kule jikoni tunakopanga vyakula vya abiria wa ndege, lakini ni maumivu ya kazi, hayana neno.

Utashangaa kupata barua wakati kila Ijumaa tunaongea. Ila wewe simu unaiweka spika, mkweo anapita, na jirani aliyekuja kuomba chumvi anavuta kiti. Nilichonacho leo ni cha macho yako peke yako. Bi Tatu, jirani yangu wa ghorofa ya chini, anakuja Tanga kwenye arusi, basi nimempa bahasha hii, na nimeizungushia selotepu hasa. Ameigeuzageuza akaniuliza, "Mama Rukia, hii ni barua au kidonda?" Nikamwambia ni barua, lakini asiitoneshe.

Sasa kaa nikupe habari za mwanao.

Rukia amerudi kutoka kaskazini. Si kaskazini ya kupanda basi. Ni kule ambako nchi hii inakwisha, visiwani, yeye na wenzake wa chuo wanapelekwa na ndege ndogo, na rubani akishawashusha anaondoka zake. Mimi nilidhani ni theluji tupu. Kumbe kuna mahali pakavu kama mto uliokufa zamani. Mvua hakuna, theluji yenyewe haba, mti hakuna, hata jani la kumpa mbuzi. Jangwa, ila la baridi. Kati ya watoto wote wa mtaa wetu wa Makorora, niambie nani amekanyaga hapo. Nimewaambia wanawake wote msikitini, na dereva wa basi la asubuhi nimemwambia pia, sasa kila akiniona ananiuliza, "Daktari hajambo?" Bado hajawa daktari, ila simsahihishi.

Bi Tatu anajifanya haoni. "Yaani kasoma miaka yote hiyo ili akachote mchanga?" Nikamjibu, "Ndiyo, na wako kasoma miaka ileile hata mchanga hajachota." Tukacheka, akaniongezea chai.

Nikueleze anachotafuta, kwa jinsi nilivyoelewa mimi niliyeishia darasa la saba. Kila kilicho hai, hata kidudu kisichoonekana kwa macho, kikifa kinaacha vitu vyake ardhini: mafuta, sukari, utomvu. Wao wanaviita kampaundi za kaboni. Kwenye mashamba yetu vimejaa tele. Kule ni vichache mno, lakini kwa ukavu ule na baridi ile haviozi upesi, vinakaa tu, vinangoja. Nikamwambia Rukia hilo mbona nalijua, ni kama kanga ya marehemu mama iliyo sandukuni mwako, ambayo hutaki sanduku lifunguliwe ovyo harufu yake isije ikatoka. Akasema, "Ndiyo, Mama. Hivyohivyo."

Na kwa kuwa ni vichache, udongo ule hauguswi kwa mkono. Mafuta ya kidole kimoja yanaweza kuyazidi yote yaliyomo kwenye chupa nzima wanayotia udongo huo. Hilo nililielewa haraka, maana na sisi kazini tunavaa glavu na kofia za nywele. Kabla ya safari akaniambia, "Mama, nguo zangu usizitie manukato, wala sabuni ya harufu." Nikatii. Nikazifua kwa sabuni aliyoileta mwenyewe, isiyonukia chochote.

Lakini dada, udi si manukato. Manukato ni ya kujipamba. Mtoto anakwenda mwisho wa dunia, atoke nyumbani kwangu hivihivi kama mtu asiye na mama? Asubuhi ile alipokuwa anaoga, nikakivika king'ora cha moshi kofia ya kuogea kisije kikatupigia kelele, nikawasha chetezo, nikatia kile kipande cha mwisho cha udi wako wa kupika. Nikakifunika kwa tenga, nikatandaza juu yake koti lake, na soksi, na zile glavu nene. Nikamsomea dua. Alipovaa alisema tu koti lina joto zuri. Mafua yalikuwa yamemziba pua, maskini.

Akarudi salama na chupa zake. Majuzi wakazitia kwenye mashine yao. Ile mashine inaupasha udongo moto, inanusa kinachotoka, halafu inachora vilima kwenye kioo, kila kilima ni kitu chake. Mwalimu wake, mama wa Kizungu mwenye mvi anayempenda kama mwanawe, akaita watu waje waone. Vilima vya utomvu wa miti, mahali pasipo na mti. Halafu wakapima ile chupa tupu, ambayo huwa wanaifungua kulekule na kuifunga bila kutia kitu, ili wajikague wenyewe. Nayo ikatoa vilima vilevile. Basi wakajua utomvu ule haukutoka ardhini, umekwenda nao.

Jumamosi akaja kwangu, hakuvua hata viatu. Moja kwa moja kabatini, akalitoa lile koti, akaliweka usoni.

"Mama, ulilifukiza?"

"Nililifukiza. Ungeondoka hivihivi?"

Akakaa kitandani. Nikaanza kujitetea, kwamba manukato sikutia, sabuni sikutia, yeye akawa anacheka mpaka machozi yanamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Akasema, "Kule kwenye hema, kila nikijifunika koti, nilikuwa nasikia harufu ya nyumbani kwa Mama Mkubwa. Nikadhani ni kuwakumbuka tu. Sikumwambia mtu."

Nilimkumbatia kwa mikono yangu inayonuka vitunguu vya mchuzi, tukakaa hivyo.

Mambo sasa yako hivi. Udongo wa msimu mzima uko mashakani. Mwalimu wake amesema wakijua kilichomo kwenye udi ule, kitu kimoja kimoja, watakipima kila kimoja peke yake, wavitambue vilima vyake, wavitenge. Kitakachobaki ni cha ardhi. Wasipojua, chupa zote zinawekwa kando, na mwanao angoje kiangazi kingine, kama nafasi ya ndege itapatikana. Ameniuliza mimi. Nikamwambia vijiti vya udi, sukari, mawaridi. "Na nini tena?" Wewe ni dada yangu wa tumbo moja, na sijui. Nakumbuka ulivyokuwa unanituma sukari, nikirudi mlango una komeo na harufu inanijia kwa juu yake. Mkweo anakuita mama miaka yote hii, hajaambiwa. Najua mama alikupa upishi huo wewe peke yako, na najua alikuapisha.

Kwa hiyo siombi uniambie mimi. Mwandikie Rukia. Wewe ndiye uliyemlea nilipotangulia huku, ukamsuka, ukamfundisha hesabu kwa kokwa za maembe, na akili hiyo wanayoisifu huku ilianzia barazani kwako. Andika, funga, mimi sitafungua. Sikufichi: majina ya kemikali yatachapwa kwenye kitabu chake cha udaktari wa chuo. Lakini nimeyaona hayo majina, marefu kama treni ya mizigo, hakuna mtu wa Tanga atakayeweza kuyapikia udi. Na lako litakuwa kwenye ukurasa wa shukrani: Mwanakombo wa Makorora. Kitabu nitakiweka sebuleni, Bi Tatu akisome amesimama.

Ukiona ni kizito, sema tu. Nitamweleza mwenyewe, na moyo wangu kwako hautabadilika. Atarudi tena kule, na safari hiyo sitawasha chetezo. Nitamshika kichwa nimwombee dua, basi.

Nisalimie shemeji, umwambie dawa ile ni ya goti. Mkweo msalimie, ila akikuuliza barua inahusu nini mwambie inahusu baridi. Kaka yetu fundi cherehani mwambie gauni alilonishonea nimelivaa Idi, watu wakaniuliza duka. Wajukuu wabusu mmoja mmoja, anayekimbia mkamateni.

Bi Tatu akiwa anarudi, mpe vipande viwili. Cha kwanza ni cha Rukia: kichote kwa kijiko kisafi, kitie kwenye chupa ya kioo, ufunike, usikiguse kabisa. Cha pili ni changu. Hicho kiguse. Kifinyange kwa viganja vyako, ukae nacho mkononi mpaka kipate joto, ndipo ukifunge.

Mdogo wako anayekuona kila akifumba macho,

Mama Rukia