Kitambaa juu ya mwanamke wa ukutani

Alhamisi

Nimechoka na kile kitambaa. Picha niliinunua mwenyewe kwa mchoraji wa Bukavu: mwanamke uchi, amekaa, ametugeuzia mgongo. Ni mkaa tu kwenye karatasi. Papa Aline, mume wangu, aliifunika kwa kitambaa cha kufuma cha televisheni, kwa sababu leo kikundi cha maombi kilikuja kwetu.

Hapa Kamembe kila kitu cha salon, yaani sebule, kinavaa kitambaa: viti, redio, hata meza ndogo. Lakini ukuta hauvai.

Kwa hiyo Maman Riziki wa kikundi alikwenda moja kwa moja ukutani, akakiinua. Nikangoja kufukuzwa kwenye kikundi. Aliangalia taratibu, kama anavyoangalia kitenge sokoni.

"Huyu alizala," akasema. "Ona kiuno."

Wote wakasimama. Mmoja akaonyesha nyonga iliyozoea kubeba batoto. Mwingine akasifu kivuli chini ya bega, kile nilichodhani nakiona peke yangu. Hakuna aliyecheka. Maombi yalichelewa.

Papa Aline aliporudi, kitambaa kilikuwa kwenye televisheni.

"Nani alitoa?"

"Kikundi cha maombi."

Akala, akiangalia televisheni iliyozimwa. Naogopa kesho ataishusha picha.

Sikumwambia lililobaki. Mama yake, aliyekuja kuomba pamoja nasi, alinivuta mlangoni akauliza kwa sauti ya chini:

"Ule muntu anachoraka hata bazee?"

Nikasema nitamuuliza mchoraji. Akanyoosha mgongo, akaenda.