Gari Lisilo na Rivasi Latuhumiwa Kurudi Nyuma

Mshauri wangu mpendwa,

Naandika nikiwa nimekaa juu ya furushi la mashuka, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujacheka. Mimi ni dobi, nafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli moja na kuyapeleka mwenyewe kwa gari langu dogo, na wiki tatu zilizopita nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu, nimetulia, mguu kwenye breki, mara puu! gari kubwa jeusi likanigonga kwa nyuma, nikashuka, na mwenyewe akashuka, bwana mmoja wa suti, simu bado iko mkononi, na kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Mama, mbona umenirudia nyuma?" Nikamwambia, "Baba, nirudi nyuma niende wapi, na taa iko mbele?" Akasema, "Umerudi, na mke wangu ni shahidi," na huyo mkewe alikuwa amegeuzia uso dirishani kama mtu aliyeona kitu cha maana sana ukutani.

Basi kampuni ya bima imeandika kwamba kosa ni langu, kwa kuwa yeye ana shahidi na mimi nina mashuka, wamenipa siku saba za kupinga, na meneja wa hoteli ameshasema dereva anayegonga magari ya watu hataingia tena kwenye uwanja wake, na hoteli hiyo ndiyo kazi yangu yote, na kuna dada wawili wa pasi wanaonitegemea.

Sasa nisikilize vizuri, mshauri. Mimi siwezi kurudi nyuma. Gari langu halina rivasi. Halina tangu mwaka jana, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alipoishusha giaboksi akairudisha na vyuma vitatu vikabaki kwenye kopo, nilipomuuliza akanijibu, "Shemeji, wewe nenda mbele tu, nyuma umesahau nini?" Tangu siku hiyo nachukua kazi kwa wateja wenye mageti mawili, naingilia huku natokea kule, na asubuhi nikitaka kutoka uani napiga honi mara mbili, majirani wanakuja kunisukuma kinyumenyume hadi barabarani, kila mtu na nafasi yake, mwalimu mstaafu anashika taa ya mbele ya kulia, kinyozi ya kushoto, na mama wa duka anasimama barabarani kuzuia magari kwa ufagio.

Kwa hiyo ushindi ninao mkononi, lakini mume wangu anasema, "Mama watoto, ukilisema hilo unamfungia mdogo wangu gereji," maana shemeji juzi tu ametundika bango, *Bingwa wa Giaboksi Zote*. Anataka nikubali kosa, yaishe. Na hili la mwisho naliandika kwa aibu: kwenye fomu ya bima waliuliza kama gari lina hitilafu yoyote, nikajaza "hakuna". Nifanyeje?

Dobi wa Mageti Mawili

*

Dobi wa Mageti Mawili,

Nilicheka kabla ya mwisho, nisamehe. Na pole kwa kugongwa.

Sasa tusemezane. Mtu anakushtaki kwa jambo ambalo gari lako haliwezi kulifanya hata likiombewa, nawe umekaa juu ya mashuka unaona aibu! Kuna watu wanazeeka na kesi zao bila kupata utetezi nusu ya huo.

Lakini usijifanye malaika. Umezunguka mwaka mzima na gari bovu. Siku gari la wagonjwa lingetaka ulipishe, ungempigia honi nani? Halafu ukaidanganya bima kwa maandishi, na mwandiko nadhani ulikuwa mzuri kabisa.

Mumeo anampenda mdogo wake, vizuri. Ampende kwa vitu vyake, si kwa kazi yako. Gereji ya shemeji haifungwi na ulimi wako. Ilishaanza kufungwa na vile vyuma vitatu.

Kesho asubuhi nenda ofisi ya bima. Usipige simu, nenda. Rekebisha lile jibu kwa mkono wako, weka sahihi na tarehe, kabla hawajaligundua wenyewe. Wakikuadhibu kwa uongo huo, pokea, ni wako. Kosa la kugonga si lako, usilipokee. Omba mkaguzi aje kwako, na bwana wa suti awepo na shahidi wake. Usihutubie. Mpe mkaguzi funguo, mwambie akutolee gari uani. Mumeo na shemeji waambie leo jioni, wasije wakasikia kwa kinyozi. Na lile kopo la vyuma lifiche mahali salama, shemeji asije akavirudisha kabla ya ukaguzi.

*

Siku kumi na moja baadaye imekuja barua nyingine. Ameomba niichape kwa herufi kubwa. Nimetumia za kawaida, lakini elewa kwamba anapiga kelele.

"Mshauri, nimeshinda! Mkaguzi aliingia garini, akatia rivasi, gari likalia krrr kama linatafuna kokoto, halikusogea. Akajaribu tena, krrr. Akaitoa gia, akageuka kuniuliza kitu, kiwiko kikagonga honi, mara mbili! Mimi sikumwita mtu, mshauri. Mwalimu akatoka, kinyozi akatoka na kitana, mama wa duka na ufagio wake, wakashika nafasi zao bila hata kuangalia nani yuko ndani, wakamsukuma mkaguzi na tai yake hadi barabarani! Akashuka, akamuuliza mwalimu, 'Mzee, mnafanya hivi tangu lini?' 'Tangu mwaka jana, mwanangu. Jumapili tunapumzika.' Bwana wa suti akaanza, 'Lakini siku ile...' Mkewe akamkatiza: 'Baba watoto, nyamaza. Ulikuwa unasoma simu, na nilikwambia.' Watu wakalipuka kama goli limeingia!

"Kosa lote wamemwandikia yeye. Mimi nimepewa onyo la maandishi kwa ule uongo, nimelipokea. Hotelini nimerudi, meneja mwenyewe kanifungulia geti. Shemeji alininunia siku moja, kisha akalala chini ya gari siku tatu bila kudai kitu, vile vyuma vimerudi mahali pake, na bango kalipunguza, sasa linasema *Fundi wa Giaboksi*. Jana asubuhi nimerudi nyuma mwenyewe. Majirani walitoka kwa mazoea, wakasimama mikono haina kazi, halafu wakanipigia makofi mpaka barabarani."

Hongera, Dobi. Umeshinda kwa haki na kwa kelele.

Ila kumbuka kwamba sasa una rivasi. Ule utetezi wako umekwisha. Atakayesema tena kwamba umemrudia nyuma, huenda akawa anasema kweli. Angalia kioo.