Usifagie Chini ya Bembea

Morogoro, baada ya sala ya Ijumaa

Kwa dada yangu Mwanahawa, huko Lindi,

Shikamoo, dada. Na anayekusomea, ambaye bila shaka ni shemeji, nampa mkono na kumwomba asome polepole asiruke mahali, maana barua hii ina jambo ninalotaka ulisikie lote. Mgongo wako umepoa? Na mwanangu Saumu, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mwili wangu hauna kasoro. Yaliyobaki nitakueleza.

Barua yako ilikuja na gari la moshi Jumanne. Nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Umeniambia shemeji amemfungia Saumu bembea kwenye tawi la mkorosho nyuma ya jiko, na mtoto habanduki hapo mpaka aitwe kula. Nilifurahi sana. Kisha nikakumbuka uwanja wako na furaha ikanikatika. Nakujua, dada, wewe na fagio lako. Mtaa mzima unajua kuwa hata kuku wako hupita kando ya ukuta kwa kukuogopa. Ardhi ya hapo umeifagia miaka yote hiyo mpaka imekuwa ngumu na inang'aa, na mwanangu anabembea juu yake.

Usinikasirikie kwanza. Sikia yaliyonipata.

Nilikwandikia kuwa nafanya useremala kwa Mzungu mmoja mwenye shamba la miti ya mpira, njia ya kwenda Kingolwira. Nilipomaliza milango, Bibi, yaani mkewe, akataka bembea ya mtoto wao Loti, binti wa miaka sita. Nikasimamisha nguzo mbili za mvule, nikalaza boriti juu, nikafunga kamba za katani. Kazi ilitoka nzuri, sikufichi. Tatizo likawa chini. Udongo wa hapa ni mwekundu, na kiangazi hukauka ukawa kama tofali. Bibi alitaka nimwage changarawe kama ile ya njia ya kuingilia nyumbani, nikamwambia mtoto akianguka itamchuna magoti. Akasema basi tuache majani yaote. Lakini majani chini ya bembea hayaishi, dada, miguu huyamaliza kwa mwezi mmoja. Nikachukua maranda, yale yanayotoka kwenye randa nikilainisha mbao, nikayatandaza chini ya bembea yakawa manene kama godoro.

Asubuhi ya pili nikakuta ardhi tupu, imefagiwa, mistari ya fagio imepangika vizuri. Maranda yote yamekwenda kuwashia moto jikoni. Anayefagia pale ni Mama Kobelo, mama wa Kiluguru anayeshuka kutoka milimani kila alfajiri, mtu wa makamo kama wewe. Nikatandaza tena. Akafagia tena. Mara ya tatu nikatandaza huku nimekasirika, na sikumwambia neno.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Nilimwona kwa macho yangu akija na fagio lake, nikageuza uso, naye akafagia tena. Nilijiambia kuwa yeye ndiye anayepaswa kuuliza. Lakini ukweli ni kwamba nimeacha kusema na watu. Nikitoka kazini naingia chumbani kwangu, nakula peke yangu, nalala. Wenyeji ni watu wema, ila wakizungumza kikwao na kucheka sijui wanacheka nini, nami naona haya kuuliza. Wingu likishuka kutoka milima ya Uluguru likafunika uwanja, zinapita siku mbili sijasikia sauti yangu mwenyewe isipokuwa katika sala. Mtu akizoea kunyamaza, dada, hunyamaza hata pale anapotakiwa kusema.

Siku hiyo hiyo Loti alianguka. Niliusikia mshindo nikiwa kwenye meza yangu ya kazi. Alikuwa amelala chali juu ya ule udongo uliofagiwa, mdomo wazi, pumzi haitoki. Nilimwinua, naye akanishika shati kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili ulikuwa umevunjika. Pumzi iliporudi alilia, nami nikashukuru kusikia kilio. Nilikuwa sijashikwa na mtoto tangu nilipomkabidhi Saumu mikononi mwako, wiki ile tuliyomzika mama yake.

Bwana alitaka kumfukuza Mama Kobelo. Nikasema kosa ni langu, kwa kuwa nilijua na sikumwambia. Akaamuru bembea ikatwe. Bibi ndiye aliyemzuia. Akanipa siku saba niitengeneze ardhi, la sivyo niondoke na nguzo zangu.

Ndipo nilipomfuata Mama Kobelo jikoni, nikamweleza maranda yalikuwa ya nini. Alikaa chini. Akasema mafundi wote aliowaona huacha uchafu wao nyuma, naye alidhani namdharau kwa kumwachia wangu mara tatu. Alikuwa akifagia kwa hasira, kama nilivyokuwa nikitandaza kwa hasira, na mtoto wa watu yuko katikati yetu.

Yeye ndiye aliyesema tuache maranda, kwa kuwa mvua huyaozesha, tuchukue mchanga wa mto. Tulichimba shimo pana, kupita pale miguu ya mtoto inapofika akibembea mbele na nyuma, kina chake kutoka ncha za vidole mpaka kiwiko. Nikazungushia mbao pembeni, mbali na anapoangukia, mchanga usikimbie. Yeye akauchekecha wote kwa chekeche, akatoa kila jiwe. Akanifundisha kuwa mchanga nao hushikana kwa kukanyagwa na kwa mvua, hivyo lazima uchimbuliwe kwa jembe kila asubuhi. Sasa hiyo ndiyo kazi yake. Pahala pale hafagii tena, anachimbua.

Tulipomaliza nilipanda juu ya kiti cha bembea, mtu mzima na ndevu zangu, nikajiachia. Nikaanguka kwa ubavu. Nikapanda tena nikaanguka kwa mgongo. Mama Kobelo alicheka mpaka akashika nguzo, nami nikacheka. Kisha akaniuliza kama nina mtoto. Nikamwambia ninaye, yuko mbali.

Akasema, "Basi na huko naye anaanguka."

Barua yako ilikuwa mfukoni.

Kwa hiyo nakuomba, dada, na sijakuomba kitu kikubwa tangu nikuombe unilelee mwanangu. Mwambie shemeji aifunge bembea juu kwanza, asiiguse mtu. Chimbeni chini yake kama nilivyoeleza, mjaze mchanga wa pwani uliochekechwa ukatolewa vifuu na mawe. Halafu usifagie hapo. Wageni wakisema nyuma ya jiko kwa Mwanahawa pamekuwa pachafu, waache waseme, useme ni amri ya mdogo wako. Uwanja mwingine wote ni wako, ung'arishe upendavyo.

Na kiti kisiwe juu kupita magoti yake. Hapa nilimpima Loti kwa kumsimamisha kando ya nguzo. Saumu sijui magoti yake yako wapi. Nilimwacha hajasimama sawasawa. Chukua uzi, umpime kutoka kisigino mpaka goti, na kutoka kisigino mpaka utosini, uukate, uutie ndani ya barua. Nitakuwa nao hapa.

Nisalimie shemeji, na mikono yake iliyofunga kamba. Nisalimie Bi Zuhura jirani yetu aliyemnyonyesha Saumu, umwambie sijasahau. Mwalimu wa chuo cha Kurani mwombe aniombee dua nimalize mkataba huu salama. Loti mkono bado umefungwa, ila unaunga, na jana alibembea tena polepole, nimemshika.

Saumu akiogopa mchanga huo mpya, usimlazimishe. Mkalishe kwenye kiti, umwambie asiogope kuanguka, kwa kuwa baba yake ameshaanguka hapo kwanza, mara mbili, na hakuumia.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani