Mpaka wa Jimbo la Mkalinga

Alief, Houston
Novemba 2018

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Goti la bibi yako bado linamsumbua, na tangu niache kuendesha gari, hata chumvi tunamsubiri shangazi yako atoke kazini. Huko Plano nasikia baridi imeshaingia.

Umeniuliza mbona Jimbo la Mkalinga, nilikozaliwa, hulioni kwenye ramani. Lilifutwa. Wakati huo nilikuwa karani kijana wilayani, nikisifika kwa mwandiko. Mkuu wangu akaniambia, "Ligawe vipande viwili, wapewe majirani. Fuata mto, usijisumbue." Nikachonga penseli, nikaufuata mto kona kwa kona. Ofisi nzima ilinipongeza.

Mbunge wetu wa mwisho alikuwa ametuahidi daraja la mto huo. Baada ya jimbo kugawanywa, wazee wakimwendea mbunge wa ng'ambo hii, anasema daraja ni la mwenzake. Wakienda kwa mwenzake, wanarudishwa. Dada yangu Salome aliendelea kuvuka kwa miguu kwenda sokoni, mpaka masika yale mto ulipofurika. Ya siku ile sitakuandikia.

Miaka yote hii najiambia nilitumwa tu, na haisaidii. Nawe sasa umeanza kazi ya ofisini kama mimi. Sina cha kukufundisha. Ila wakikupa penseli, uliza kwanza nani anavuka pale.

Jimbo hulioni, mjukuu wangu, lakini itazame tena ramani yako. Mpaka unaofuata mto bado upo. Huo ni mkono wangu.

Babu yako