Mwenye Kabati Yuko Geelong

Oldham, Jumapili, 3 Machi 1974

Mpendwa Dada Winnie,

Jana jioni Bwana Entwistle, katibu wa burudani, alitangaza mbele ya klabu nzima kwamba mazingaombwe yetu ya kumpoteza mtu kabatini yamerudi kwenye ratiba ya Jumamosi. Nimeona ulijue hilo kabla ya salamu. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini bado anabishana na redio. Natumaini wewe, shemeji Leonard na watoto ni wazima huko Geelong.

Tangu mhamie Australia, nikitoka kiwandani nimekuwa nikifanya mazingaombwe ya karata na njiwa tu jukwaani. Watu walipiga soga. Mzee Albert alizoea kunipigia kelele kutoka kaunta ya baa nijipoteze mwenyewe basi. Mwishowe Entwistle akaniambia wazi: nirudishe kabati, au nimpishe mwimbaji. Nikamchukua Glenys wa duka la samaki. Anaenea nyuma ya kioo cha ndani ya kabati, pale ulipokuwa ukijificha wewe.

Jana nilimfungia, nikafungua, hayumo. Makofi. Kabla sijamrudisha, Entwistle akaninyang'anya kipaza sauti: pai za nyama zimefika. Unawajua watu wetu, pai zikifika hakuna msanii. Wewe ulikuwa unatulia humo gizani mpaka wamalize kula. Glenys sikumwambia, halikunijia kabisa akilini. Aliposikia pai alitokea mlango wa nyuma wa kabati na kupanga foleni, akiwa na vazi lake la kumetameta.

Albert aligeuka, akamwona, akapaza sauti: "Cyril! Uliyempoteza yuko huku, anataka mchuzi!"

Glenys akamwambia, "Sogea, babu. Kupotea kunatia njaa."

Ukumbi ulicheka mpaka bia zikamwagika. Entwistle anataka iwe hivyo hivyo kila wiki.

Dada, kuna jambo sijamwambia mtu. Kabla Albert hajapiga kelele, watu walipokuwa wamenipa mgongo, niliinama nikagonga kabati mara mbili kwa kidole, kama tulivyozoea, nikangoja unijibu. Glenys haijui ishara ile. Nilikuwa nakungoja wewe. Nilisimama pale nimeinamisha sikio kwenye mbao, na nadhani ningekaa hivyo mpaka mchezo wa bingo uanze kama wasingecheka.

Entwistle anataka mabango yaandikwe "Cyril na Glenys". Nilimwambia siwezi kufuta jina lako bila kukuuliza. Akasema niulize, lakini mpiga chapa anachukua maneno kesho asubuhi. Barua hii itakufikia wiki ijayo. Hata hivyo nakuomba ruhusa.

Mama anakusalimu sana, na anauliza kama watoto wanavaa soksi. Msalimie shemeji.

Tunapanda tena jukwaani Jumamosi, tarehe 9, baada ya bingo ya kwanza.

Ndimi mdogo wako,
Cyril Haslam