Chungu Nilichokiosha

Shikamoo, Mama.

Chungu chako nimekiosha. Naanza na hilo, maana nikianza na habari za mvua na nani kajifungua, nitazunguka mpaka karatasi iishe, nawe unanijua.

Siku ya kumaliza matanga kule Chome, vyombo vyako viligawanywa. Chungu cha makande kikaenda kwa mdogo wako, Mama Mdogo Namsifu, na hakuna aliyebisha. Mimi ndiye niliyeomba nishuke nacho Same kwa muda, nikichore. Siku hizi nikimaliza kuandika mabango ya maduka ya watu, najizoeza kuchora vitu vidogo vya nyumbani: kikombe cha bati, mwiko, kitunguu kwenye kisahani. Ungecheka. Ulikuwa ukisema, "Wewe hata kuosha kikombe hujui, utajua kukichora?"

Picha ya kwanza ilinishinda. Chungu kilikuwa cheusi tii, na kwenye picha kikatoka kama shimo. Nikaona tatizo ni masizi. Nikachukua majivu na mchanga, nikasugua asubuhi nzima huku napiga mluzi. Mluzi, Mama! Udongo mwekundu ukatokea, ukapendeza. Ule mchirizi ulioachwa na povu la makande, miaka yote ulipokuwa ukipika, ukaenda na maji. Nikakichora upya, nikajisifu.

Mama Mdogo alipokuja kukichukua, alikizungusha mikononi. "Hiki cha nani?"

Nikamwambia. Akautafuta ule mchirizi kwa kidole, akaukosa.

"Mwanangu, ungenipa hata kigae chake ningekijua. Hiki ni cha mnadani."

Hakupaza sauti. Angenigombeza ningepona. Niliona aibu hata nikashindwa kumkaribisha chai, ikapoa mbele yake.

Nilichoweza ni kumtolea ile picha ya kwanza, ile mbovu. Mchirizi ulikuwemo, niliuchora bila hata kuujali. Akaitazama sana, akaifunga kwenye khanga yake. Chungu akakiacha mezani.

"Kipikie," akasema. "Kikirudi kuwa cha kwetu, ukilete."

Basi sasa nina mafiga nyuma ya chumba changu. Jirani ananitania kwamba nimejioa mwenyewe. Makande ya kwanza yaliungua, ya pili maharage yaligoma kuiva, nikayala hivyo hivyo kwa sababu nilistahili. Kila nikichochea kuni nakuona ulivyokuwa ukifumba jicho moja kwa moshi, ukinipa punje nionje kama zimeiva, na mimi nikijibu bado ili nipewe nyingine.

Weusi umeanza kushika chini. Jana povu lilimwagika. Nilishika kitambaa nifute, mkono ukasita, nikaliacha likauke. Asubuhi nikakuta mchirizi, lakini umeshukia upande mwingine. Huo ni wangu, Mama. Wako hautarudi, na aliyeufuta ni mimi. Nisamehe.

Nakuaga, kuni zinaisha. Pumzika. Nitakipandisha Chome kikiwa cheusi, nimkabidhi mdogo wako kwa mikono miwili. Kabla ya hapo nitakichora tena, na kikinitokea kama shimo, nitakiacha kiwe shimo. Maji hakitayaona kwa nje.

Mwanao,
Eliakimu